Kutu ya Pikapu ya Tata

Mnunuzi wa chuma chakavu alifika nyumbani kwetu Nyakasimbi asubuhi moja ya kiangazi, mizani yake ikiwa imefungwa nyuma ya pikipiki. Alipita katikati ya migomba, akamkuta mama ameketi kwenye mkeka anachambua maharage, akamwamkia vizuri. Kisha akaonyesha kwa kidevu upande wa banda la kahawa. Ndani ya banda ilikuwamo pikapu ya marehemu baba, ambaye sisi watoto wote tulimwita Tata.

"Bibi, lile gari halitembei tena. Nilikate, nilibebe, nikuachie nafasi ya kuweka kahawa yako."

Mama hakuinua macho kutoka kwenye ungo. "Kahawa yangu ina nafasi."

Yule kijana alinitazama mimi, akitumaini kwamba mwenye miwani angekuwa na akili zaidi. Nilikuwa nimestaafu ualimu miezi michache tu iliyopita na kurudi kuishi na mama, na kwa kweli mimi pia nilikuwa nimekwisha kuliona lile gari kama chuma. Kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Chini ya milango bati lilikuwa limeliwa hadi ukiingiza kidole kinatokea ndani. Niliposindikiza pikipiki hadi barabarani na kurudi, mama alikuwa ameacha maharage, amesimama bandani, kiganja chake kimelala juu ya boneti.

"Likatengenezwe," alisema. "Nataka nipande tena."

Sikubishana naye. Mama alikuwa amepita miaka themanini, na hakuwa mtu wa kuomba vitu.

Tata aliinunua pikapu ile kutoka kwa daktari mmoja wa misheni aliyekuwa anarudi kwao Ulaya, wakati mimi nasoma darasa la pili. Ilikuwa ya bluu hafifu, ina taa za duara na pua ndefu. Katika kijiji chetu hapakuwa na gari lingine. Ilibeba kahawa msimu wa kahawa na ndizi mwaka mzima, ikabeba kwaya ya usharika kwenda kuimba Kituntu, ikabeba mabibi harusi, majeneza, na wagonjwa waliolazwa juu ya godoro wakishikiliwa na ndugu zao. Jumamosi jioni Tata aliiosha kwa maji ya kisimani, nasi tuligombania kushika kitambaa. Hadi leo nikisikia harufu ya vumbi lililolowa juu ya bati la moto, naona miguu yangu midogo isiyo na viatu imekanyaga ukingo wa bodi, na Tata ananiambia, "Taratibu, utaikwaruza."

Halafu nikakumbuka jambo ambalo sikupenda kulikumbuka. Mdogo wangu wa kike alipokaribia kuolewa, mimi tayari nikiwa mwalimu, niliona aibu gari la familia lionekane lina madoa ya kutu mbele ya wakwe. Nilikwenda dukani Kayanga nikanunua makopo mawili ya rangi na brashi. Tata alikuwa shambani siku mbili mfululizo. Nilipaka juu ya kutu, juu ya matope, nadhani hata juu ya wadudu. Alipotoka shambani alilizunguka gari lote polepole, akarudi pale nilipokuwa namsubiri. "Limependeza," alisema. Misimu miwili ya mvua haikupita rangi ikavimba kama ngozi iliyoungua, na malengelenge yalipopasuka ndani yake kulikuwa na unga wa kahawia. Tata hakunilaumu. Aliendelea kuliendesha hivyo hivyo kwa miaka mingi, hadi mwili wake ukachoka kabla ya injini.

Kwa hiyo mama aliposema likatengenezwe, niliapa moyoni kwamba safari hii sitapaka uongo.

Mafundi wawili wa karibu walilitazama, na wote wawili waliniambia neno lile lile: siku tatu tu, puti kidogo ya kujazia mashimo, rangi, linang'aa. Mfanyabiashara mmoja wa maharage akanieleza habari za fundi wa Nkwenda, kule Kyerwa, anayetengeneza bodi za malori ya mazao. "Mtu mgumu," alisema. "Lakini kazi yake haivimbi."

Nilimfuata. Nilimkuta kando ya soko, mtu wa makamo, mwembamba, anabishana na mwenye lori. Mwenye lori alitaka rangi ipigwe siku hiyo hiyo. Fundi alikuwa anamkatalia, wala hakupandisha sauti. "Kutu ni ugonjwa," alikuwa anasema. "Mimi sivishi mgonjwa shati jipya nikasema amepona." Wazazi wake walitoka Burundi, yeye amezaliwa hapa hapa, na Kiswahili chake kilikuwa na mwendo wa taratibu, kana kwamba kila neno analipiga msasa kwanza. Alipomaliza na yule wa lori alinigeukia. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nina gari la zamani la marehemu baba. Limeoza."

"Limeoza au lina kutu?"

"Kuna tofauti?"

"Kubwa. Nitakuja nilione."

Alikuja wiki iliyofuata na vifaa vyake kwenye gari la mizigo lililokuwa linarudi tupu: jenereta, kompresa, mashine ya kuchomelea, mashine ya kusaga chuma, na sanduku la mbao ambalo hakuruhusu mtu mwingine alibebe. Tulimpa chumba cha wageni. Alimwamkia mama kwa kuinama, mama akamjibu kwa Kinyambo, lugha yetu ya nyumbani, na nilishangaa kumsikia naye anajibu kwa Kinyambo. Kuanzia hapo mama alimwita "mwanangu" na akaanza kumhesabu kwenye chungu cha ndizi.

Siku nne za kwanza kazi ilikuwa kubandua tu. Alinipa brashi ya waya, miwani ya kinga na kitambaa cha kufunga pua, akanionyesha nianzie bodi ya nyuma. Mwenyewe alianza na mlango. Rangi yangu ya harusi ilitoka kwa vipande virefu, kama magamba makavu ya mgomba. Alishika kipande kimoja, akakigeuza, akakuta upande wa ndani umejaa kutu.

"Huyu fundi alikuwa nani?" aliuliza.

"Ni mimi."

Alinitazama kidogo. Nilingoja anicheke. "Ulifanya kwa upendo," alisema, "lakini ulimfungia adui ndani ya nyumba." Kisha akaendelea kukwangua, na mimi nikaendelea, na kwa sababu ya ile miwani hakuna aliyeona kwamba macho yangu yamelowa.

Pale bati lilipokuwa limetoboka kabisa alikata, akachomelea bati jipya. Pale lilipokuwa zima lakini limetiwa doa, tulisugua hadi unga wote ukaisha, kisha akapaka dawa ya kutu kwa brashi ndogo. Ilikuwa dawa ya maji maji, ina ukali wa asidi, na alinivalisha glovu. Nilikaa kuitazama ikifanya kazi. Vishimo vya kahawia vilibadilika taratibu vikawa vyeusi, kama kahawa inapokaangwa. "Hapo kutu imekufa," alisema fundi. "Lakini dawa nayo lazima uioshe, ukaushe. Ukiiacha, rangi ya juu itakataa kushika." Nilifundisha watoto miaka zaidi ya thelathini, na sijui kama niliwahi kueleza jambo kwa uwazi kama huo.

Mama alihamishia mkeka wake karibu na banda. Alikuwa analijua kila bonde la bati lile. Hapa fahali wa jirani alipiga pembe siku ya mnada. Hapa Tata aligonga nguzo ya lango akikimbilia kuja kumwona mjukuu wake wa kwanza. Alizungumza mwenyewe kwa furaha, nasi tulisikiliza huku tunasugua, na mchana ukapita bila mtu kujua.

Siku ya tano nilifanya kosa. Tulikuwa tumemaliza upande mzima wa kulia, chuma kitupu kinang'aa, na fundi alikuwa anakwenda Nkwenda kufuata kopo la praima, rangi ya chini inayotangulia, lililopungua. Aliniagiza nikifute kwa thina, nikifunike kwa turubai kavu, nisikiguse kwa mkono mtupu. Nilifuta. Lakini nilipendezwa mno na jinsi chuma kilivyong'aa, nikamwita mama aje akione, nikakipapasa kumwonyesha ulaini wake. Turubai nikasahau nje. Asubuhi ukungu ulikuwa umejaa bonde lote, migomba inadondosha maji. Nilipofika bandani nilikuta chuma kimegeuka rangi ya machungwa, na katikati yake, wazi kabisa, alama za vidole vyangu vitano.

Fundi aliporudi aliinama mbele ya ile alama.

"Mwalimu," alisema, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo, "chumvi ya mkono wako na maji ya ukungu. Usiku mmoja tu."

"Nisamehe."

"Siyo mimi wa kuombwa msamaha. Shika msasa."

Nilirudia upande wote peke yangu, siku nzima, bila kusaidiwa. Mabega yaliuma hadi nikashindwa kuinua kikombe. Jioni alikuja akapapasa kwa mkono wenye glovu, akatikisa kichwa kukubali, na papo hapo, kabla umande haujashuka, akapiga praima ya kwanza juu ya chuma kile.

Baada ya hapo ndipo tulipofika kwenye madigadi ya kushoto, mbele, bati linalofunika gurudumu. Fundi alipitisha sumaku yake ndogo juu ya bati. Sehemu nyingine zote ilinasa. Pale iliteleza ikaanguka.

"Hapa hakuna chuma," alisema. "Hapa kuna puti. Nene sana." Akaanza kuichonga. Ilitoka kwa mabonge, ya zamani, ngumu kama kokoto, na chini yake tukaona bonde refu, limeingia ndani kiasi cha kukaa mkono mzima. "Hii ni ajali kubwa. Mti au ukuta."

Nilimwambia ninavyojua. Nilikuwa shule ya bweni wakati huo. Niliporudi likizo, Tata alinieleza kwamba utelezi ulimshinda, akagonga mti. Alilieleza hivyo kwa kila mtu, hata kanisani, akijicheka mwenyewe.

Mama aliweka ungo chini.

"Siye aliyegonga," alisema. "Ni mimi."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Sikuwahi kumwona mama ameshika usukani. Sikuwahi hata kumwona ameketi upande ule.

Alitueleza bila haraka, mikono yake imelala mapajani. Ilikuwa msimu wa masika, mchana. Tata alikuwa na homa siku ya tatu, na mchana ule alianza kusema maneno yasiyoeleweka, kisha akaacha kusema kabisa. Wanaume wote wa jirani walikuwa wamekwenda kuzika Kituntu. Mama alikimbia nyumba tatu, akakuta vizee na watoto. Akarudi, akamburuta Tata juu ya shuka hadi kwenye gari, akampandisha, mwenyewe hajui alipata wapi nguvu. Miaka yote aliyoketi pembeni yake alikuwa anatazama miguu yake. Alijua kipi kinakanyagwa na kipi kinaachiwa. Akaliwasha.

"Liliruka kama mbuzi, likazima. Nikaliwasha tena. Likazima. Mara ya tatu likaenda, sikuthubutu kubadilisha gia. Nilikwenda na gia ile ile moja hadi hospitali, injini inalia, moshi unatoka, mvua sioni mbele. Nilikuwa naimba kwa sauti, kusudi nisisikie kama bado anapumua au la."

Fundi alikuwa amezima kompresa.

"Kufika langoni mwa hospitali, kulikuwa na mkaratusi. Nilijua kuliendesha. Kulisimamisha sikuwa na uhakika. Nikachagua mti, kuliko kuwagonga watu waliokaa barazani." Alicheka kidogo. "Wauguzi walitoka mbio wakidhani mgonjwa ni mimi."

Tata alipona. Alilazwa wiki mbili, akarudi nyumbani ameisha mwili. Fundi wa wakati ule akajaza bonde kwa puti, likapakwa, likasahaulika. Na Tata akaanza kusema kwamba ni yeye aliyegonga.

"Kwa nini?" nilimuuliza. "Kwa nini hakusema ukweli? Ulimwokoa."

Mama alifikiri. "Sikuwahi kumuuliza. Baba mkwe wangu alikuwa hai, angesema mwanamke ameharibu gari. Labda Tata wako alinifichia aibu yangu. Au labda ilikuwa aibu yake, kubebwa na mke. Sijui. Alipokuwa anasimulia mbele za watu alikuwa ananitazama, namna fulani hivi. Basi mimi nilinyamaza, nikaona hilo linatutosha sisi wawili."

Nilikwenda nikaketi naye mkekani. Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini kilichotoka ni swali la kijinga. "Uliendesha tena?"

"Na nani angeniachia?"

Nilimwambia fundi aliache lile bonde lilivyo, apake dawa na rangi juu yake, liwe ukumbusho. Nilikuwa nimekwisha kujiona nikiwaonyesha wajukuu. Fundi alimgeukia mama, si mimi.

"Bibi, unasemaje?"

"Linyooshe," mama alisema mara moja. "Miaka yote hii nimepanda gari lenye jipu. Sasa nimesema, imetosha. Linyooshe."

Aliingia chini ya madigadi na nyundo na kipande cha chuma cha kukingia, akaanza kugonga kutoka ndani, taratibu, akitokea pembeni kuelekea katikati. Kila bati liliporudi kidogo alitoka, akalipapasa, akaingia tena. Mama alisimama muda wote. Alikataa kiti. Lilipokaribia kunyooka lilitoa mlio mmoja mkubwa, kama sufuria iliyoanguka, likarudi mahali pake, na mama akasema "Ee!" kwa nguvu, akajifunika mdomo.

Siku za kupiga rangi fundi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alimwaga maji chini bandani kulaza vumbi, akaning'iniza mashuka mabichi mlangoni, akafukuza kuku. Hakuanza kabla umande haujakauka, wala hakuendelea upepo wa alasiri ulipoanza. Alivaa kinyago chenye vichujio, akatuamuru mimi na mama tukae mbali, upande upepo unakotoka. Praima ya epoksi kwanza, ya kijivu, hadi kwenye kona ambazo hakuna atakayeziona. Puti kidogo juu yake, si chini yake. Msasa wa maji. Praima tena. Ndani ya vizingiti vya milango, mahali ambapo brashi haifiki, aliingiza mpira mwembamba akapulizia nta ya kuzuia kutu, hadi ikachuruzika kwenye vitundu vya chini. "Vitundu hivi usivizibe kamwe," aliniambia. "Maji yataingia tu. Muhimu yapate pa kutokea." Chini ya gari lote alipaka lami nyeusi ya kuzuia mawe na matope. Mwisho ikaja bluu. Alikuwa ametafuta kipande cha rangi ya asili chini ya dashibodi, akakipeleka mjini ili achanganyiwe inayofanana nayo.

Aliondoka siku moja kabla ya rangi kukauka kabisa, kwa sababu lori moja la Nkwenda lilikuwa linamsubiri. Mama alimfungia mkungu wa ndizi na mfuko wa kahawa ya kutafuna. Waliagana kwa Kinyambo, na sikusikiliza, maana hayakuwa yangu.

Injini ilimshughulisha fundi mwingine karibu mwezi. Jumapili ya kwanza gari lilipotoka nje, watu walisimama kando ya njia. Wazee wawili walivua kofia, nadhani bila kujijua, kama vile Tata ndiye aliyekuwa anapita. Mama aliketi pembeni yangu na kitenge chake cha sikukuu, anatazama mbele. Kwenye kona ya zahanati niliona anatazama miguu yangu.

"Umechelewa kuachia klachi," alisema.

Sasa ni masika ya pili tangu wakati ule. Kila baada ya mvua kubwa nachuchumaa, nachungulia vile vitundu kama maji yanatoka, napitisha kidole kwenye kingo za milango. Hakuna kilichovimba bado. Fundi alipita mara moja akielekea Kayanga, akalizunguka gari lote polepole, nami nikasimama pale nimekunja mikono kama mwanafunzi aliyepeleka daftari. Akasema, "Endelea hivyo hivyo."

Wiki iliyopita mama alitaka tumpelekee ndizi rafiki yake anayeumwa, Kituntu. Nilitandika magunia na godoro kuukuu kwenye bodi ili mikungu isikwaruze rangi. Mama alikuja na fimbo yake, akaangalia, akaanza kuyavuta magunia yale moja moja na kuyatupa chini.

"Mama, rangi!"

"Hili ni gari la kubebea," alisema. "Pakia."

Tulipakia mikungu minne juu ya bati tupu. Njiani ilibiringika kila tulipopita kwenye mashimo, na kila mlio nikauhisi kwenye meno. Rafiki yake alitoka nje kwa kushikiliwa, wakaketi uani, wakazungumza mambo ya wasichana wenzao ambao karibu wote wamekufa, wakacheka sana. Tuliporudi niliosha bodi. Kulikuwa na mikwaruzo miwili, mmoja umefika kwenye chuma. Nikaukausha, nikausugua kwa msasa mdogo, nikafungua kikopo cha praima alichoniachia fundi, na mama akanishikia kifuniko.